Boliti za Mkono wa Tatu

Tarehe 2 Aprili

Mwalimu ametugawia madaftari, kila mtu lake, tuandike kazi ya siku: nani kafanya nini, saa ngapi, kwa kifaa gani. Hilo nimelijaza kurasa mbili na limeshanichosha. Hili la pili nimejinunulia mwenyewe, na humu nitaandika nitakayo.

Daraja limeondoka juzi. Sisemi limevunjika, nasema limeondoka, na nguzo zake, kama mpangaji aliyehama bila kuaga. Jana watu wawili walijaribu kuvuka kwa mtumbwi. Mmoja ameonekana, mwingine bado. Tangu hapo hakuna anayethubutu. Helikopta tumeomba, tukaambiwa tusubiri, ziko mbali zinatoa watu juu ya mapaa. Ng'ambo kuna zahanati moja, muuguzi mmoja na watu kama elfu tatu. Mmoja wao ni baba yangu.

Baba ana kisukari cha kujidunga sindano kila siku, tangu mimi nikiwa darasa la pili. Bila sindano hamalizi wiki. Mwaka jana nilimsihi ahamie kwangu kabla ya mvua, akasema nyumba yangu ina ngazi nyingi mno. Ina ngazi nne.

Dawa yake itamfikisha katikati ya Mei. Mto haupungui mpaka Juni. Kwa hiyo hesabu haihitaji Mwalimu: droni yetu ya kubebea dawa ivuke kabla ya katikati ya Mei.

Tarehe 3 Aprili

Kwa kuwa daftari haliwezi kunikatiza maneno, nieleze tulivyo.

Tuko wanne, katika jengo ambalo zamani watu walioka mikate. Tanuri bado liko ukutani, na ndani yake tunaweka betri, maana zikishika moto betri hizi hazisikii maji. Mwalimu alifundisha fizikia miaka kumi na tisa. Mashine, yaani droni yetu, ni mchoro wake. Rubani hajapanda ndege hata siku moja. Alikuwa akipiga video za harusi kwa droni ndogo, na mpaka leo akirusha chochote husema "tabasamuni". Mjomba, kaka yake marehemu mama, ni fundi wa vyuma. Mwili wa mashine na mikono yake yote minane imepita kwenye tupa yake. Mimi ni fundi wa waya. Nilijifunza kulehemu mezani kwa Mjomba nikiwa na miaka tisa, siku ya kwanza nikamchoma kidole, akasema nina kipaji cha kuchoma watu.

Kila mkono wa mashine una mota na feni yake ya kuinulia. Upana wake unazidi kitanda cha watu wawili. Tulipoimaliza Februari ndipo tukagundua haipiti mlangoni. Watu wanne wenye akili zao, hakuna aliyepima mlango! Ikabidi kila mkono uwe wa kufungua na kufunga, boliti nane kwa kila mkono. Kila tukitoka nje tunafunga upya boliti sitini na nne.

Hapo ndipo ilipotoka sheria ya Mwalimu, iko ukutani kwa chaki: ANAYEKAZA HAPAKI, ANAYEPAKA HAKAZI. Mmoja anakaza. Wa pili anakuja na spana ya mlio, anaivuta mpaka ilie tak, ishara kwamba boliti imekaza inavyotakiwa, ndipo anapaka mstari wa rangi ya kucha nyekundu kutoka kichwa cha boliti mpaka kwenye chuma. Rangi yenyewe ni ya mke wa Rubani, ambaye hajaambiwa. Mjomba anakaza. Mimi napaka.

Tarehe 5 Aprili

Mvua. Mwalimu kakohoa kutwa nzima.

Tarehe 8 Aprili

Imeinua mfuko wa mchanga wa kilo kumi, ikakaa nao juu dakika kumi na mbili. Rubani akatuambia tutabasamu, na kweli tulitabasamu, hata Mwalimu, ambaye nilidhani meno yake ni ya kuazima.

Tarehe 11 Aprili

Baba amepiga kwa simu ya Muuguzi. Mtandao wao unapatikana kilimani nyuma ya zahanati tu, kwa hiyo anaongea huku akihema. Ameuliza ndege yangu imefika wapi. Nikamwambia tunaijaribu kila mvua inapotupa nafasi. Akanituma kwa shemeji yake: nimwambie tangu amjue hajawahi kutengeneza kiti kisichotikisika, na dawa yake isije ikapandishwa kwenye kiti. Mjomba akajibu bila kuinua kichwa kwamba yeye alitoa dada mwenye masikio mazima, mtu akayachosha kwa maneno. Miaka arobaini wamekuwa hivyo. Mama alipofariki walitaniana hata kaburini, huku wanalia.

Tarehe 14 Aprili

Mjomba ananywa chai kwa mikono miwili. Wiki iliyopita nilidhani ni baridi. Leo nati tatu zimemponyoka, moja baada ya nyingine, akaziokota akisema nati za siku hizi zina miguu. Rubani alicheka. Mimi pia nilicheka, nimechelewa kidogo.

Tarehe 16 Aprili

Mvua.

Tarehe 17 Aprili

Mvua. Paa linavuja juu ya meza yangu, si juu ya meza ya mtu mwingine yeyote.

Tarehe 19 Aprili

Nimevuta spana kwenye mkono wa kwanza, boliti ya pili ikazunguka nusu mzunguko ndipo ikalia. Ya tano hivyo hivyo. Mwalimu aligeuka. Rubani aligeuka. Mjomba alikuwa amesimama na kitambaa, anajifuta mikono ambayo haikuwa na mafuta. Nikasema kwa sauti kwamba spana hii nayo mpaka uibembeleze.

Kutwa nzima Mjomba hakunitazama. Alipoondoka alimuaga Mwalimu, akamuaga Rubani, akapita.

Mtu huyu ndiye aliyenishika kiganja nikiwa mtoto, akanionyesha jinsi ya kusikia chuma kinapokubali. Leo mimi ndiye ninayemsahihisha mbele za watu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Najisikia vibaya. Vibaya kabisa, sina neno jingine.

Tarehe 22 Aprili

Nimepata njia. Mjomba anakaza, mimi nasubiri wenzangu watoke kwenda kula, kisha namalizia zilizolegea kwa spana ya kawaida, ndipo navuta ile ya mlio na kupaka. Najua, najua, anayepaka hakazi. Lakini boliti hazijui kusoma. Leo zote zimelia mara ya kwanza Mwalimu alipozijaribu, na Mjomba akaniaga.

Tarehe 27 Aprili

Umeme wa ng'ambo umekatika siku tano zilizopita, nguzo zimeanguka. Leo ndiyo Muuguzi ananiambia. Friji ya zahanati imezima, na dawa ya Baba ya akiba ilikuwa humo. Imeharibika yote. Iliyobaki ni chupa moja aliyokuwa nayo nyumbani, ameitumbukiza kwenye mtungi wa maji ipate ubaridi.

Nikauliza inatosha mpaka lini. Muuguzi akasema akijibana, tarehe nane, tisa.

Si katikati ya Mei tena. Nimeenda nyuma ya tanuri nikakaa chini kwenye vumbi la unga wa miaka hiyo. Mjomba akaja akakaa kando yangu, akanipa kitambaa chake cha mafuta nijifute machozi. Nimerudi kazini na uso mweusi, Rubani akaniuliza kama nimeanza kuchoma mkaa.

Tarehe 30 Aprili

Upepo. Hatukutoka.

Tarehe 1 Mei

Upepo.

Tarehe 2 Mei

Upepo na mvua. Baba amepiga. Anajidunga nusu ya kipimo. Sauti imekauka, ila maneno bado anayo. Ameuliza kama shemeji yake amelala.

Tarehe 5 Mei

Kesho tunavuka. Utabiri unasema asubuhi itakuwa shwari kwa saa mbili, labda tatu.

Leo tumefunga mashine nje chini ya turubai, wote wanne, bega kwa bega. Hakuna aliyekwenda kula. Mkono wa tatu ulikuwa wa mwisho. Mjomba alikaza, akasogea nusu hatua, akasimama pale pale na jasho usoni. Mwalimu nyuma yake anahimiza, wingu linakuja. Nikavuta spana kwenye boliti ya kwanza, ikalia. Ya pili, ikalia. Sita zilizobaki sikuzivuta. Nilizipaka tu.

Ningefanyaje? Zingezunguka, na Mwalimu anaona, angemwondoa hapo hapo. Na kama mbili zimelia, sita zitakosaje? Mistari imenyooka kuliko siku zote.

Tarehe 6 Mei

Naandika kwa sababu sijui mikono niifanye nini.

Kulikuwa shwari kama tulivyoambiwa. Tuliweka chupa sita kwenye kasha, nne za Baba na mbili za mama mmoja wa huko. Jina la Baba niliandika mimi, kwa herufi kubwa. Baba alikuwa amepandishwa kilimani, Muuguzi na jirani wamemshika huku na huku, kwa kuwa alitaka kuiona ikija. Simu ilikuwa wazi sikioni mwangu. Rubani hakusema tabasamuni.

Ilipanda vizuri. Niseme hivyo, kwa kuwa ni kweli: ilipanda vizuri mno. Sauti ya feni nane ilikuwa moja, nzito, imetulia, na Mjomba alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ikaelekea mtoni. Bado haijafika majini, upepo mmoja tu ukaisukuma ubavuni, si mkali, upepo wa kupeperusha nguo kwenye kamba. Sauti ikabadilika. Mota moja ikizima, saba zinabeba, Mwalimu alitufundisha hilo mara mia. Lakini mkono ukilegea haukai mahali pake, unajikunja kwa jirani. Nikaona mkono wa tatu ukiuendea wa nne, polepole, kama mtu anayemshika mwenzake bega. Feni zikagongana. Mashine ikapinduka, ikaanguka kwenye matope ya ukingoni, na kishindo chake kilitufikia baadaye, tulipokwisha kuona yote.

Tulikimbia. Mjomba hakuweza kukimbia.

Kasha lilikuwa limepasuka. Chupa zote sita. Nilizihesabu kwa vidole ndani ya matope, nikajikata, nikahesabu tena. Na simu bado ilikuwa wazi mfukoni, nikasikia sauti ndogo ikiniita kwa jina la utotoni. Nikaiweka sikioni.

"Mbona kimya?" Baba akasema. "Mwambie shemeji mimi huku sioni kitu."

"Tumeahirisha, Baba. Upepo."

"Basi kesho," akasema. "Kesho nitapanda tena."

Tarehe 7 Mei

Mwalimu ametandaza vipande vyote sakafuni, kwa mpangilio, kama maiti. Mota sita ni nzima. Mikono minne imepinda. Boliti nne za mkono wa tatu zilijitoa zenyewe, moja imeokotwa na rangi yangu nyekundu bado inang'aa kichwani.

Akaniuliza mbele ya wote. "Ulisikia mlio, zote nane?"

Nikasema nilisikia.

Nimeyaandika humu. Nimeyaona maneno hayo kwa mwandiko wangu. Nilisikia, nilimwambia.

Ndipo Mjomba akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ni yeye. Baada ya mimi kupaka alilegeza mkono ule kusawazisha chuma, akakaza tena haraka haraka, akasahau kuniita. Mwalimu akamwambia kwa heshima, "Mzee, nenda ukapumzike nyumbani." Mjomba akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza yangu, akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Hakulegeza kitu. Nilikuwa naye mpaka tunafunika turubai. Amesema uongo kunifunika mimi, na mimi nikafunikika.

Tarehe 8 Mei

Mabomba ya kutengenezea mikono mipya, pamoja na mota mbili, yatafika tarehe kumi. Mwalimu kasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwambia mhunzi tumemfukuza. Nilitaka kuendelea, nikameza.

Tarehe 9 Mei

Baba hakupiga. Muuguzi kasema chupa imekwisha asubuhi hii. Anampa maji mengi.

Tarehe 11 Mei

Mabomba yamekuja. Mwalimu anapiga tupa mwenyewe. Anajua kila kitu kuhusu chuma isipokuwa kukishika. Shikizo la kwanza, kile kipande kinachoushika mkono kwenye mwili wa mashine, limepwaya. La pili limepasuka. Kazi hii Mjomba huimaliza kwa nusu siku, na kama mikono haimtii angekaa kitini akatuelekeza kwa mdomo. Ningesema neno moja tu, angerudi. Neno moja. Naamka nalo, nakwenda nalo kazini, narudi nalo.

Tarehe 12 Mei

La tatu limepasuka.

Tarehe 13 Mei

Nimefika mpaka mlangoni kwa Mjomba. Nimesikia redio ndani. Nikarudi.

Tarehe 14 Mei

Muuguzi anasema Baba anatapika na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Anasema maneno yamechanganyika, anamwita yeye kwa jina la mama. Nikamuomba amshikie simu sikioni. Nilimwambia, Baba, ni mimi, tuko karibu kumaliza. Nilisikia pumzi tu, za haraka, kama mtu anayepanda kilima.

Mwalimu amepata mashikizo mawili. Yanahitajika manne.

Tarehe 15 Mei

Baba amefariki saa nne asubuhi.

Tarehe 16 Mei

Wamemzika jana hiyo hiyo jioni, kando ya mama. Jirani alishika simu juu ili nisikie. Nilisikia majembe, na mvua juu ya miavuli.

Rubani amekuja nyumbani na mkewe. Mkewe aliniosha nywele, mimi nikiwa nimekaa kama gunia. Walinipa pole na hawakujua wanampa nani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Tarehe 18 Mei

Nimemwambia Mwalimu. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema yote, tangu ile nusu mzunguko ya Aprili. Nilitaka anitukane. Alikaa kwenye debe la unga, akauliza swali moja tu, boliti ngapi hukuvuta. Nikasema sita. Akaandika sita kwenye daftari lake. Kisha akasema niende nikamlete Mjomba, kwani watu elfu tatu bado wako ng'ambo.

Tarehe 19 Mei

Mke wa Mjomba alinifungulia, akanikumbatia, akatuacha. Mjomba alikuwa kitini karibu na dirisha. Nilipiga magoti nikamwambia sikutia spana kwenye zile sita, nilipaka tu, nikamwachia yeye lawama, na siku kumi na moja nzima sikufungua mdomo kumrudisha.

"Nilikuona," Mjomba akasema.

Sikuelewa. Akarudia.

"Nilikuona hukuvuta. Nilikuwa nimesimama hapo. Nilijua zimelegea, vidole vilikuwa havinisikii tangu asubuhi. Nikasema moyoni, akivuta nimeaibika. Hukuvuta, nikashukuru." Akaongeza, "Wewe uliniheshimu, mimi nikakubali kuheshimiwa. Tumemuua shemeji yangu kwa adabu."

Nilitaka aseme si kosa langu. Hakusema. Nami sikumwambia si kosa lake.

Jengoni amekataa kurudi. Amesema nimletee mashikizo, nikae miguuni pake, nipige tupa yeye akielekeza kwa mdomo.

Tarehe 20 Mei

Nimepiga tupa kutwa. Hapo, hapo, ongeza, basi. Hatukuongea kingine.

Tarehe 21 Mei

Yote manne yamekaa. Mwalimu amekaza. Rubani amevuta spana kwenye kila boliti, zote sitini na nne, na amepaka yeye. Mimi sikugusa. Sikuombwa.

Tarehe 23 Mei

Imevuka.

Asubuhi, mvua nyembamba, bila upepo. Ilibeba dawa za yule mama, za homa za watoto, na chupa nne kama zile za Baba, maana Muuguzi alisema kuna msichana wa shule amegundulika wiki hii kuwa na ugonjwa huo huo. Niliandika jina la msichana kwenye kasha. Tulisimama ukingoni mpaka sauti ikapotea, kisha Muuguzi akapiga, na nyuma yake watu walikuwa wakipiga makofi na kupayuka. Rubani alikaa chini kwenye matope na suruali yake safi. Mwalimu alitazama saa, akaandika, akanionyesha. Nilisoma, nikamrudishia daftari, nikaondoka kwa miguu mpaka kwa Mjomba.

Alikuwa anakunywa chai, mkewe kando yake anachambua mboga. Nikamwambia imevuka, imetua, kasha zima. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza imechukua muda gani kufika.

"Dakika kumi na moja."

Akauliza tena, kana kwamba hakunisikia. Nikamwambia tena, dakika kumi na moja, Mjomba, mpaka mlangoni pa zahanati. Akaweka kikombe chini. Akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, akalia kwa sauti, mbele ya mkewe, mbele yangu.